Siku ya Kukumbuka Kukomeshwa kwa Utumwa: Maana Yake Kisheria

Darasani kwetu hapa Moshi kuna kalenda ukutani yenye tarehe za wino mwekundu: Mapinduzi, Muungano, Sabasaba, Uhuru. Juzi mwanafunzi wa kidato cha pili alizipitisha kidole moja moja mpaka Desemba, akauliza: "Mwalimu, siku utumwa ulipokwisha mbona haimo?"

Siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa ni tarehe iliyotengwa kwa sheria ili nchi nzima iadhimishe. Isichanganywe na sheria iliyokomesha utumwa wenyewe. Ile ilimwachia mtu huru. Hii huja baadaye sana, pengine baada ya karne nzima, na huiingiza tarehe hiyo kwenye kalenda ya taifa.

Chukua Marekani. Rais Lincoln alitangaza tarehe 1 Januari 1863 kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru. Texas watu waliendelea kuchuma pamba ya mabwana zao zaidi ya miaka miwili, mpaka tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alipofika Galveston na askari, na amri ya uhuru ikatolewa. Watu Weusi wa huko wakaishika siku hiyo: ni Juni na kumi na tisa zilizounganishwa kuwa neno moja, Juneteenth. Hawakungoja bunge. Bunge la Texas lilipitisha sheria yake mwaka 1979, kwa jitihada za mbunge Al Edwards. Kwa taifa zima, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 415 dhidi ya 14, na Rais Biden akatia saini tarehe 17 Juni 2021. Opal Lee, bibi wa miaka 94 aliyekuwa ametembea kwa miguu mji hadi mji akiidai siku hiyo, alikuwapo akishuhudia.

Trinidad na Tobago wanapumzika tarehe 1 Agosti. Ufaransa wanakumbuka tarehe 10 Mei.

Kazi ngumu ni kuchagua tarehe. Sisi tumezoea kufundisha 1873, mwaka ambao Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar. Lakini kufunga soko si kumwachia aliyekwisha kununuliwa. Amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria hawakuguswa mpaka 1909. Huku bara, sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Na tusijifiche nyuma ya Zanzibar. Misafara ya Pangani ilipanda mpaka huku Uchagani kutafuta pembe za ndovu na watu, na mateka wa vita vya machifu wetu waliuzwa. Nadhani ndiyo sababu mojawapo jambo hili tunalipita haraka: wauzaji nao walikuwa babu zetu.

Nilimwambia yule mwanafunzi kwamba wa Galveston walihesabu uhuru kuanzia kwa aliyefikiwa mwisho, na kwa kipimo hicho mwaka wetu ni 1922. Akarudi kwenye kalenda, akaweka kidole kwenye 9 Desemba, akahesabu kimoyomoyo.

"Mwalimu, ni miaka 39 tu kabla ya Uhuru."