Nirvana Haikuanzia Seattle

Ikitajwa Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, watu husema Seattle, kana kwamba Kurt Cobain, mwimbaji wake, alilelewa katika jiji hilo. Sivyo. Cobain alizaliwa mwaka 1967 Aberdeen, mji mdogo wa wakata miti na viwanda vya mbao karibu na pwani ya jimbo la Washington, Marekani, zaidi ya kilomita 150 kwa barabara kutoka Seattle. Huko ndiko alikojuana na mpiga besi Krist Novoselic, mtoto wa wahamiaji wa Kikroatia. Wote wawili walivutwa na Melvins, bendi ya vijana wa eneo hilohilo, iliyofanya mazoezi nyumbani kwa wazazi wa mpiga dramu wake. Naamini bila Melvins tusingeisikia Nirvana.

Nirvana iliundwa 1987, na onyesho lake la kwanza lilikuwa kwenye sherehe ya nyumbani katika mji mdogo wa Raymond. Baadaye Cobain alihamia Olympia, mji mkuu wa jimbo hilo, alikotunga nyimbo nyingi za Nevermind, albamu iliyotoka 1991.

Seattle ilitoa kampuni ya rekodi ya Sub Pop na studio ilikorekodiwa Bleach, albamu ya 1989. Huo ni mchango mkubwa, ila si chimbuko.

Ndiyo maana mwandishi wa historia ya bendi hii anapaswa kwenda kuzungumza katika maktaba ya Aberdeen kwanza. Kule atakutana na wasikilizaji waliosoma na vijana hao, wenye uwezo wa kumsahihisha papo hapo.