Valvu kupitia paja: waliofanyiwa upasuaji wa moyo utotoni rudini kliniki

Kila inapokaribia Siku ya Moyo Duniani, Septemba 29, wazazi huniuliza: "Daktari, mwanangu alizibwa tundu la moyo akiwa mdogo, akapona. Valvu ya nini tena?"

Hakupona, alirekebishwa. Mtoto aliyezaliwa na tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, huzibwa tundu na kupanuliwa njia finyu ya damu iendayo mapafuni. Upanuzi huo mara nyingi huiacha valvu ya njia hiyo, yaani mlango unaozuia damu kurudi nyuma, ikivuja. Damu inarudi nyuma, chemba ya kulia inatanuka mwaka hadi mwaka, na kijana bado anacheza mpira. Kutosikia maumivu si ruhusa ya kuacha kliniki. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Zamani, kuweka valvu mpya kulimaanisha kufungua kifua upya. Mwaka 2000, jijini Paris, Philipp Bonhoeffer na wenzake walimwekea mvulana wa miaka 12 valvu ya mshipa wa shingo wa ng'ombe kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu. Valvu ya aina hiyo hushonewa ndani ya wavu wa chuma, hukunjwa juu ya puto na mara nyingi hupitishwa kwenye mshipa wa paja. Ikifika mahali pake, puto hujazwa, wavu hufunguka.

Haimfai kila mtu. Kwanza tunajaza puto lisilo na valvu kuona kama litabana mishipa inayolisha moyo wenyewe. Likibana, tunasimama hapo, hata familia ikisisitiza. Na valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ni habari nyingine.

Sasa meno. Ukipangiwa tarehe ya kuwekewa valvu, njoo na cheti cha daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe au lizibwe kabla ya tarehe, kwa sababu bakteria wa kinywani huingia kwenye damu wakakaa juu ya valvu, na maambukizi hayo huua. Asiye na cheti anaahirishwa, nafasi anapewa anayefuata, tusilaumiane mlangoni. Baada ya kuwekewa valvu, kila unapokwenda kung'oa jino mwambie daktari kwanza una valvu, akupe antibiotiki. Aspirini uliyoandikiwa usiiache mpaka tukuambie sisi.

Valvu hii nayo huchakaa, lakini mara nyingi valvu nyingine huweza kuwekwa ndani yake.

Aliyepoteza faili la zamani asione haya. Aje na kovu lake la kifuani, tutaanzia hapo.