Kidato cha nne kimekwisha, Julai bado iko mbali

Mtihani wa kidato cha nne humalizika Novemba. Matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati pana zaidi ya miezi saba, na kila Desemba wazazi huja maktabani kwetu na swali lile lile: huyu mtoto nimpeleke wapi asikae bure, na hela ya tuisheni sina?

Mimi humgeukia mtoto mwenyewe. Ifikapo Juni unataka uweze kufanya nini ambacho leo hukiwezi? Ataje kimoja. Wanaoanza Kifaransa, kompyuta na cherehani katika wiki moja, wengi wao ikifika Februari wameshaviacha vyote vitatu.

Binti mmoja alitaka kujua eksel, ile programu ya kompyuta ya kupanga hesabu kwenye jedwali. Mama yake ana genge la nyanya na vitunguu. Nilimwambia aiache kompyuta kwanza, achukue daftari: kila jioni aandike tenga limenunuliwa kwa bei gani, mafungu mangapi yameuzwa, mangapi yameoza. Baada ya wiki tatu alirudi nalo, kurasa zina madoa ya nyanya. Tukafungua LibreOffice, programu ya bure isiyohitaji intaneti, iliyo na jedwali la hesabu linalofanana sana na eksel. Akaingiza tarakimu zake safu kwa safu. Alipojumlisha safu ya mafungu yaliyooza, akanyamaza, akarudi kwenye daftari kuhakikisha. Kila mama yake aliponunua tenga zima badala ya nusu, faida ya siku mbili zilizofuata ilikuwa inaishia jalalani. Kesho yake alifika kabla hatujafungua mlango, anataka kufundishwa kuchora chati ili akamwonyeshe mama. Naamini alijifunza upesi kwa sababu zile tarakimu zilikuwa za nyumbani kwao.

Kwa anayetaka kujiandaa na masomo ya kidato cha tano, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo. Anayetaka kuzoesha sikio na jicho Kiingereza cha darasani ajaribu OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Kozi zake fupi ni za bure.

Tatizo la wengi ni bando, na hilo lina dawa. Kiwix ni programu inayohifadhi Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo, ndani ya simu au kompyuta, ikasomwa bila mtandao. Kolibri hufanya hivyo kwa masomo ya video na mazoezi, yakiwemo ya Khan Academy. Mmoja akipakua mahali penye waifai, wenzake watano wananakili kwa flashi. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia hilo bando moja.

Ufundi nao haupo mbali. Fundi simu au fundi cherehani wa jirani mara nyingi hukubali kijana wa kumsaidia saa mbili kwa siku, ilimradi mzazi aende mwenyewe kuomba, na waelewane mapema kijana atafundishwa nini. Bila maelewano hayo ataishia kufagia na kutumwa vocha.

Jihadharini na "kozi ya bure" inayoomba ada ya usajili, namba ya siri ya simu au namba ya kitambulisho. Nyingine ni halali, masomo ni bure kweli ila cheti kinalipiwa. Mwambieni kijana ajifunze, cheti akiache.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba tunasahau kwa kasi sana muda mfupi baada ya kujifunza, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo nusu saa kila siku ina faida kuliko Jumamosi nzima. Kijana akimaliza somo, afunge kitabu, aandike anachokumbuka, kesho yake ajaribu tena kabla ya kufungua ukurasa mpya. Daftari na kalamu vinatosha.

Mzazi ambaye hajui kompyuta asijione hana la kufanya. Kila Ijumaa jioni keti na mwanao, mwambie akuonyeshe alichokitengeneza wiki hiyo, kisha akueleze kwa Kiswahili cha kawaida mpaka wewe uelewe. Akikwama mahali, hapo ndipo pa kuanzia Jumatatu.