Presha 15 ya Nairobi si presha 15 ya Dar: kusoma geji ya otoklevu

Otoklevu ni chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke wenye presha. Miongozo mingi ya mikrobiolojia vyuoni ina mstari uleule: otoklevu, nyuzi 121, paundi 15 (kwa inchi ya mraba), dakika 15. Dar es Salaam au Mombasa mstari huo hauna kasoro. Ukipanda Iringa, Mbeya, Nairobi au Eldoret, nyuzi 121 na paundi 15 haziendi tena pamoja, na anayefuata geji peke yake anatoa vyombo ambavyo havijaiva, yaani vijidudu vyake havijafa vyote.

Geji ya kawaida haipimi presha yote iliyomo ndani. Inapima ziada tu, juu ya presha ya hewa ya hapo mashine ilipo. Pwani hewa ina takriban kilopaskali 101. Jumlisha paundi 15, yaani kilopaskali 103, unapata 204, na mvuke wa presha hiyo una nyuzi 121. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ina kama kilopaskali 83. Jumlisha 103 zilezile unapata 186, na mvuke huo ni wa nyuzi 118.

Nyuzi tatu si kitu kwenye chai. Kwenye spora, yaani umbo gumu ambalo bakteria hujifungia ili avumilie joto, ni jambo kubwa. Geobacillus stearothermophilus, bakteria ambaye spora zake ndizo kipimo cha otoklevu, kasi ya kufa kwake hushuka takriban mara kumi kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Zikipungua 3, kasi inabaki nusu. Kwa hiyo dakika 15 za Nairobi zinafanya kazi ya dakika saba na nusu za Mombasa, na Eldoret, juu ya mita 2,000, hazifikishi hata hizo saba.

Marekebisho yenyewe ni mepesi: ongeza nusu paundi kwa kila mita 300 za mwinuko. Nairobi inakuja karibu 18. Kabla ya kuongeza, soma bati lililogongwa ubavuni mwa mashine uone kikomo chake. Kama kikomo hakiruhusu, baki na 15 na, kwa Nairobi, upike dakika 30. Usiikaze vali ya usalama wala kuiwekea uzito ili ivumilie. Hapo umegeuza otoklevu kuwa bomu. Mashine kubwa zinazoongozwa na kipimajoto cha ndani hazina shida hii ya mwinuko. Nazungumzia zile sufuria nzito za alumini za lita 20 na kitu, zenye geji juu ya kifuniko, ambazo ndizo zinazobeba mzigo wa mafunzo ya vitendo.

Mdanganyifu wa pili ni hewa, na huyu yupo hadi pwani. Hewa iliyobaki ndani inachangia presha bila kuchangia joto. Hata usawa wa bahari, ukitoa nusu tu ya hewa, geji itasoma 15 huku joto likiwa nyuzi 112. Hewa ni nzito kuliko mvuke, hivyo inatulia chini. Ndiyo maana kifuniko kina kile kimrija kinachonyumbulika, kinachoingia kwenye mfereji ubavuni mwa kapu la ndani hadi karibu na sakafu yake. Mtu akifunga kifuniko kimrija kikaning'inia nje ya mfereji, mvuke wa juu unatoka na hewa ya chini inabaki. Kichungulie kila mara kabla ya kukaza nati, kisha zikaze mbili mbili zinazotazamana, kidogo kidogo, la sivyo kifuniko kinakaa upande na mvuke unavuja.

Washa mashine vali ikiwa wazi. Mwanzoni mvuke hutoka kwa kukohoakohoa, na hiyo bado ni hewa iliyochanganyika. Subiri utoke kwa mkondo mmoja usiokatika, uhesabu dakika 5 hadi 7, ndipo ufunge. Dakika za kupika zinaanza presha inapofika, wala si ulipowasha. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya kutoka sifuri. Dakika 9 za kwanza na 6 za baadaye hazijumlishwi.

Maji yanayowekwa chini ndani ya mashine yawe yaliyokenekwa. Ya bomba yanaacha chokaa kwenye koili, na koili yenye ganda hupata moto kupita kiasi hadi ikaungua. Chupa za agari, ule uji unaoganda wa kuoteshea vijidudu, zijazwe theluthi mbili tu, vifuniko vilegezwe nusu mzunguko. Dakika 15 zinatosha chupa za mililita 100 au 200. Chupa ya lita moja hukawia kupata moto katikati, kwa hiyo ipe 30 hadi 40. Glukosi usiipike muda huo pamoja na protini, itageuka kahawia. Ichuje peke yake kwa kichujio cha mikroni 0.22, uichanganye baadaye. Mifuko ya taka iache mdomo wazi, mimina maji kidogo ndani, na isiwe na chochote chenye jiki: ikipata moto inatoa gesi ya klorini, na inakula chuma.

Wengi huharibu kazi mwishoni. Darasa linasubiri, mtu anafungua vali ghafla, presha inaanguka, na agari iliyokuwa na joto kupita kiwango cha kuchemka inafura yote kwa pamoja na kumwagika ndani ya kapu. Zima, acha geji ishuke yenyewe hadi sifuri, kisha fungua vali. Kifuniko kikigoma baada ya hapo, ujue vali ilibaki imefungwa muda mrefu na ndani kuna ombwe. Iachie hewa iingie, usitie bisibisi.

Utepe unaobandikwa kwenye mzigo, wenye mistari inayogeuka myeusi, hauthibitishi kwamba vijidudu vimekufa. Unaonyesha tu kwamba mzigo ulipata moto, na unaweza kugeuka hata kwenye mzunguko uliokuwa na hewa. Uthibitisho ni ampuli ya spora, kichupa kidogo kilichozibwa chenye spora hai, angalau mara moja kwa mwezi. Izike katikati ya mzigo mzito zaidi, si juu. Baada ya kupika, iatamishe kwa nyuzi 55 hadi 60 kwa saa 24 hadi 48, pamoja na ampuli nyingine ya boksi hilohilo ambayo haikupikwa. Kwa ampuli za zambarau, iliyopikwa ibaki zambarau, ambayo haikupikwa igeuke njano. Zote zikiwa njano, mashine haikuua. Zote zikibaki zambarau, spora za boksi hilo zilishakufa rafuni, na hujapima kitu.