Tembe anapoanza kutaga: maswali kuhusu mayai laini, maganda mabovu na yai lililokwama

Asubuhi nimeokota yai chini ya fito za kulalia. Halina ganda, linabonyea kama kipira chenye maji. Kuku mwenyewe ndiyo kwanza ana wiki 20. Anaumwa?

Kwa umri huo, mara nyingi haumwi. Ulichookota ni yai kamili, kiini na ute vikiwa ndani ya utando wake, ila limetoka kabla ya kuvikwa ganda. Tangu kiini kidondoke kutoka kwenye ovari, yai hukaa tumboni kwa kuku takribani saa 24 hadi 26, na karibu saa 20 kati ya hizo ni za kujenga ganda tu. Kwa tembe, yaani kuku jike mchanga anayeanza kutaga, shughuli hiyo bado haijakaa sawa. Leo vinadondoka viini viwili kwa mpigo, kesho anataga kiyai cha ukubwa wa gololi kisicho na kiini, keshokutwa yai linasukumwa nje kabla ya wakati wake. Hata mchirizi mwembamba wa damu juu ya ganda si ajabu katika mayai ya mwanzo, kwa sababu njia ndiyo kwanza inafunguka.

Mimi nisingehangaika kwa yai moja au mawili ya namna hiyo. Ningelitoa upesi tu bandani, maana kuku wakilidonoa na kuonja utamu wake, kuwaachisha ulaji wa mayai ni kazi. Akiendelea hivyo baada ya wiki tatu nne za kutaga, au kundi zima likianza kutoa mayai laini, hapo pana jambo.

Nitajuaje kwamba anakaribia kutaga?

Upanga na ndevu zake huiva na kuwa vyekundu, huanza kukagua viota, na ukimgusa mgongoni huchuchumaa akitanua mabawa. Papasa pia ile mifupa miwili iliyo kando ya tundu la kutagia: kwa asiyetaga imebanana, kwa anayekaribia inaachana kiasi cha kupitisha vidole viwili au zaidi. Kuku wa kisasa wa mayai huanza kati ya wiki ya 18 na ya 22. Aina nyingine huchelewa zaidi, na hilo si ugonjwa.

Ganda linatengenezwa na nini hasa?

Karibu lote ni chokaa, yaani kalsiamu kaboneti. Ganda moja hubeba takribani gramu 2 za kalsiamu, na sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku, kuku akiwa amelala na hali chochote. Anaitoa wapi? Nyingine hutoka kwenye chakula kilichobaki tumboni, nyingine anaikopa kwenye mifupa yake. Wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, mwili wa tembe huanza kujenga mfupa wa akiba ndani ya mifupa mirefu, kama ya miguu, kwa ajili ya mkopo huo. Deni lisipolipwa mchana, kwanza maganda huwa membamba, kisha kuku mwenyewe hudhoofika miguu na kushindwa kusimama.

Piga hesabu kidogo. Chakula cha kukuzia huwa na kalsiamu ya karibu asilimia 1. Kuku akila gramu 110 kwa siku anapata gramu 1 na ushee, na si yote inayosharabiwa mwilini. Chakula cha kutagia kina asilimia 3.5 hadi 4.5, kwa hiyo kiasi kilekile cha chakula kinampa gramu 4 au zaidi. Ndiyo maana tembe aliyeanza kutaga huku bado anakula cha kukuzia atakupa maganda mabovu hata umtunze vipi. Na ukimjaza nafaka tupu au mabaki ya jikoni, anashiba kabla ya kufikia chakula chenyewe.

Basi si nianze mapema kumpa chakula cha kutagia, tangu akiwa kifaranga?

Hapana! Kalsiamu nyingi kwa kuku asiyetaga haina pa kwenda, na figo zake changa ndizo zinazoumia. Ngoja upanga uive au yai la kwanza lionekane kundini, ndipo ubadilishe, ukichanganya vyakula viwili kwa siku kadhaa.

Ukiwa na kuku wa rika tofauti katika banda moja, wape wote chakula cha kukuzia, kisha weka maganda ya chaza yaliyovunjwavunjwa kwenye chombo cha pembeni. Anayetaga huyafuata mwenyewe. Chagua vipande vya kuonekana kwa macho badala ya unga: vipande hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, saa ambazo ganda linajengwa. Hakikisha chombo hakiko tupu jioni. Maganda ya mayai nayo yanafaa, mradi uyakaushe kwa moto na kuyasaga yasifanane tena na yai. Changarawe ni kitu kingine kabisa: inasaga chakula, haijengi ganda.

Chakula ni sahihi, chaza wapo, na bado maganda ni membamba au yana mikunjo. Kwa nini?

Angalia joto kwanza. Kuku anayehema mdomo wazi hupoteza hewa ya kaboni dioksidi, na damu yake hukosa malighafi ya ganda. Kivuli na maji baridi humsaidia kuliko dawa. Ukosefu wa vitamini D3 pia huzuia kalsiamu kusharabiwa, hasa kwa kuku wasioona jua. Kushtuliwa usiku na mbwa au panya kunaweza kumfanya atupe yai kabla halijaiva.

Mikunjo kwa kundi zima, ute kuwa majimaji, kukohoa au utagaji kuporomoka ghafla ni dalili za maradhi ya virusi kama mdondo au mkamba wa kuku. Hayo hayatibiwi kwa chaza. Mwite daktari wa mifugo.

Kuku amesimama wima mkia umeshuka, anaingia kiotani na kutoka, anajikamua bila yai. Nifanye nini?

Huenda yai limekwama. Mpapase taratibu chini ya tundu la kutagia; mara nyingi utahisi kitu kigumu cha mviringo. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yawe kama ya kumwogeshea mtoto, yamfikie tumboni, kwa dakika 15 hadi 20. Mkaushe, mpake kilainishi safi kwenye tundu ukiwa umevaa glavu, kisha mweke peke yake mahali pa joto, penye giza na utulivu, na maji karibu. Wengi hutaga hapohapo ukishaondoka.

Usimminye tumbo, na usilivunje yai ndani: vipande humkata na uchafu huingia tumboni. Saa chache zikipita bila yai, au upanga ukipauka, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Huenda akamchoma kalsiamu, kwa sababu misuli inayosukuma yai nayo huitegemea kalsiamu ileile ya ganda.

Baada ya kutaga, nyama nyekundu imebaki nje na hairudi.

Mtenge mara moja, kwa sababu wenzake wataidonoa na anaweza kufa kwa siku moja. Ioshe kwa maji safi ya uvuguvugu, ipake kilainishi, irudishe kwa kidole polepole, kisha mkalishe gizani ili utagaji usimame kwa siku chache. Ikitoka tena, ni kazi ya daktari. Tatizo hili huwapata zaidi tembe wanene na wale walioharakishwa kutaga kwa taa kabla mwili haujakomaa. Mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku unawatosha wanaotaga, na uongezwe kidogokidogo.

Yai lisilo na ganda linalika?

Mimi silili. Utando peke yake hauzuii vijidudu vya kinyesi, na limeshalala chini usiku kucha.