Tarehe ndani ya JSON: dhana tano na ukweli wake

Dhana: JSON (muundo wa maandishi ambao programu hutumia kupeana data) inazijua tarehe, Python ndiyo yenye ukorofi.

Ukweli: JSON inajua aina sita tu za data: maandishi, namba, kweli au si kweli, null, orodha na objekti. json.dumps, funksheni ya Python inayoandika JSON, inapoirushia datetime (tarehe pamoja na saa) kosa la TypeError, inakataa kubahatisha unataka tarehe iandikwe vipi. JavaScript haigomi. JSON.stringify hugeuza Date kuwa maandishi kimyakimya, lakini JSON.parse hairudishi Date, inakuachia maandishi yaleyale. Upole huo umewaponza wengi kuliko ukali wa Python.

Dhana: Ukiweka default=str kwenye json.dumps, kazi imekwisha.

Ukweli: Umenyamazisha kosa tu. Unapata "2024-03-05 14:30:00", bila ile T ambayo isoformat() ya Python ingeiweka kati ya tarehe na saa, na bila kujulikana ni saa za wapi. Isitoshe, kila kitu ambacho json.dumps haikijui, hata Decimal (namba ya desimali) ya bei, nacho kitageuzwa maandishi bila wewe kuulizwa. Andika funksheni fupi inayoshughulikia date na datetime peke yake, vingine viendelee kugomewa.

Dhana: Geuza kila tarehe iwe UTC (saa ya marejeo ya dunia), hutapata shida.

Ukweli: Kwa jambo lililokwisha kutokea, kama malipo yaliyopokelewa, ushauri huu ni mzuri. Kwa siku ya kuzaliwa ni balaa. Mtu aliye Nairobi anachagua 12 Mei 1990 kwenye fomu. Kivinjari kinatengeneza Date ya usiku wa manane wa Nairobi, kisha toISOString inaandika 1990-05-11T21:00:00.000Z, kwa sababu tuko saa tatu mbele ya UTC. Seva inachukua herufi kumi za mwanzo, na mteja anakuwa amezaliwa tarehe 11. Aliyeunda fomu hiyo akiwa New York halioni kosa, maana usiku wake wa manane ni alfajiri ya UTC, tarehe ileile. Zamu yake huja wakati wa kusoma: new Date("1990-05-12") huhesabiwa kama usiku wa manane wa UTC, na kwake bado ni jioni ya tarehe 11.

Siku ya kuzaliwa haina saa, basi usiipe. Tuma "1990-05-12" na uisome kama maandishi. Miadi ya mwezi ujao ina tabia yake pia: hifadhi saa ya mahali pamoja na jina la ukanda, mathalani Africa/Nairobi. Alama ya +03:00 peke yake inaweza kuwa Moscow au Riyadh, na serikali hubadili saa zao.

Dhana: Ukituma tarehe kama namba, hakuna utata.

Ukweli: timestamp() ya Python huhesabu sekunde tangu 1970, Date ya JavaScript huhesabu milisekunde. Ipe JavaScript 1700000000 ya Python, ambayo ni Novemba 2023, itakuonyesha 20 Januari 1970.

Dhana: Programu ya Kiswahili ihifadhi saa kwa hesabu ya Kiswahili.

Ukweli: Saa mbili asubuhi ihifadhiwe 08:00. Kutoa sita ni kazi ya skrini, si ya data.