Kereng'ende hana mwiba

Jumapili alfajiri sisi watatu huwa tumeshatoka mjini Tabora kuelekea bwawa la Igombe. Wapita njia wakituona tumeinamia nyasi na simu mkononi, husimama kuuliza tumepoteza nini. Tukishawajibu kwamba tunapiga picha za kereng'ende na ndege, yanaanza yaleyale.

"Mdudu huyo anachoma na mkia." Hachomi. Mkiani hana mwiba wala sumu. Vile vidude vya ncha ni koleo ambazo dume humshikia jike nyuma ya kichwa wanapopandana. Ukimwona jike anachovya mkia majini, chovya, inua, chovya, anataga. Watoto wake hukulia humo majini wakila, pamoja na mengine, viluwiluwi vya mbu. Ukimbana mkubwa mkononi anaweza kukung'ata kidogo, na hapo kosa ni lako.

"Bila kamera kubwa hupati kitu." Kwa ndege nakubali nusu. Furukombe akitua ng'ambo ya bwawa, simu itakupa kidoa cheupe, maana zumu ya simu nyingi inatanua tu picha ileile. Tunachofanya ni kuegemeza lenzi ya simu kwenye kioo cha darubini na kubana pumzi.

Kereng'ende ni habari nyingine. Siku zangu za mwanzo nilimkimbiza mwekundu mmoja ukingoni hadi nikatumbukia kwenye tope. Mzee aliyekuwa akivua kwa ndoana alicheka, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, kaa chini. Huyo ana kiti chake." Sikukaa hata dakika mbili, mdudu akarudi kwenye kijiti kilekile. Madume wengi hulinda kipande cha ukingo namna hiyo: anaruka, anafukuza mwenzake au anadaka kijidudu, anarudi. Basi sogea akiwa hewani, tulia akitua. Ukimpiga kwa ubavu, simu iwe sambamba na mwili wake, la sivyo kichwa kitatoka safi na mkia utakuwa ukungu. Wale wa manjano wanaozunguka angani kutwa hawana kiti, usimalize chaji.

"Subiri mchana, mwanga uwe wa kutosha." Mwanga utakuwepo, ndege hawatakuwepo, wamejificha kivulini. Alfajiri ndege wanalisha na kuimba, na kereng'ende bado ana umande mwilini. Misuli ya mbawa haijapata joto, hawezi kuruka mbali. Nikitaka picha ya jicho lake naipata kabla ya saa mbili. Mchana nabakiza kitu kimoja tu: jua likiwa la utosini, baadhi yao husimamisha mkia wima kuelekea juu ili mwili upigwe na jua kidogo. Utadhani anafanya sarakasi.

"Wakija wengi, mvua iko njiani." Hii siipingi, wazee waliangalia vizuri. Kereng'ende wa manjano husafiri na pepo za mvua na kutaga kwenye madimbwi ya muda. Mwaka 2009 mwanabiolojia wa bahari Charles Anderson alichapisha hoja kwamba wale wanaopita Maldives hutoka India na kuvuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki. Anayeruka juu ya dimbwi lako huenda wazazi wake waliiona bahari ambayo wewe hujaiona. Kosa ni kudhani wao ndio wanaoileta mvua.

"Ndege wa asali, ukimnyima nta, kesho atakupeleka kwa simba." Utaisikia popote penye warina asali, na Tabora wapo tele. Ndege huyu kweli huita watu na kuwaongoza kwenye mzinga. Yeye anataka nta na majana, yaani watoto wa nyuki. Utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake huko Niassa, Msumbiji, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba mlio maalumu wa warina asali wa Kiyao uliongeza uwezekano wa kufikia mzinga kutoka asilimia 17 hadi 54. Kulipa kisasi kwa simba hakuna ushahidi wake. Kwa mpiga picha ni bahati, maana ndege huyu ndiye anayekufuata.

"Ukigusa kinda, mama atamsusa." Kwa kawaida hamsusi kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Ila nyasi ulizolaza ukienda kupiga picha ya kiota zinamwonyesha nguchiro njia. Mimi kiota nakipita.